Hili "Funika Kombe" Limetuponza

Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi ya mizigo niliyofanya kazi Dar es Salaam, karani mmoja mgeni alinifuata chooni akafunga mlango. Alikuwa na miezi minne tu kazini. Aliniambia kwamba mtunza stoo humshika kiuno kila anapokwenda kuchukua karatasi, kwamba asubuhi ile alimbana kwenye rafu, na kwamba usiku humtumia ujumbe ambao hawezi kumwonyesha hata mama yake. Mtunza stoo hakuwa bosi wake. Walikuwa ngazi moja, mishahara yao karibu sawa, chai ya saa nne wakiinywa meza moja. "Dada, nifanyeje?" Mimi nilikuwa na miaka tisa pale na wote wakiniita dada mkubwa wa ofisi. Nilimjibu kwa upole, nikiamini namsaidia: "Mdogo wangu, funika kombe mwanaharamu apite. Kazi zenyewe unaziona zilivyo. Usiende stoo peke yako, basi."

Makala haya nayaandika kulipinga jibu hilo. Silo langu peke yangu. Ndilo jibu la mama kwa bintiye, la shangazi, la mchungaji na la shehe, la mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi anayekuvuta pembeni kukwambia uwe na busara. Hutolewa kwa mapenzi, na ndiyo maana limedumu; lingetoka kwa mtu mwenye nia mbaya tungelikataa zamani. Tena limevishwa methali, kana kwamba wahenga walikuwa na methali moja tu. Wahenga hao hao walisema mficha uchi hazai, lakini hiyo hakuna aliyewahi kumkumbusha binti aliyekuja analia.

Tuanze na tumbo, maana ndipo jibu hili linapoegemea. Kazi ni ngumu kupatikana. Sisi tuliolea vijana waliomaliza chuo wakakaa nyumbani miaka mitatu hatuwezi kuidharau hoja hiyo. Ila hesabu yake ni ya upande mmoja. Anayekwambia funika kombe anaorodhesha gharama zote za kusema: uhasama, minong'ono, kunyimwa safari zenye posho, mkataba kuisha bila kuongezwa. Gharama ya kunyamaza anaiandikia sifuri. Nilimwona karani yule akiilipa hiyo sifuri. Alianza kukwepa stoo, kwa hiyo karatasi na fomu zikawa zinachelewa kufika mezani kwa wateja. Alikataa zamu za jioni. Akawa anakosea tarakimu kwenye ankara, yeye ambaye mwezi wa kwanza tulimsifu kwa umakini. Barua ya onyo kwa uzembe ikatoka, na aliyepewa ni yeye. Alipotimiza miezi tisa aliacha. Barua yake ya kujiuzulu ilikuwa na mstari mmoja: sababu za kifamilia. Kazi tuliyomwambia ailinde kwa kunyamaza aliipoteza akiwa amenyamaza, na hata sababu yenyewe ilibaki imefunikwa.

Laiti ningejua wakati ule ninachokijua sasa. Kanuni zilizotungwa mwaka 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 zinatambua kwamba mtu anaweza kuandika barua ya kujiuzulu ilhali kwa hakika amesukumwa nje, kwa sababu mwajiri ameiacha kazi ikawa haivumiliki. Miongoni mwa sababu zinazotajwa waziwazi humo ni udhalilishaji wa kijinsia, au mwajiri kushindwa kumkinga mfanyakazi dhidi yake. Mtu wa namna hiyo anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, akadai haki kama aliyefukuzwa. Lakini huko ataulizwa maswali mawili magumu: mwajiri alijulishwa lini, na ushahidi wa kujulishwa uko wapi? Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike CMA ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Ukichelewa, una kazi ya kueleza kwa nini. Aliyeandika "sababu za kifamilia" ameufunga mlango huo kwa mkono wake mwenyewe, na aliyemshikia mkono nilikuwa mimi.

Kuna jibu jingine, la wanaume hasa, ingawa wanawake nao hulisema wakicheka nusu: ni utani tu. Mtunza stoo mwenyewe ndivyo alivyokuwa akisema. "Huyu mtani wangu huyu."

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu utani ni kitu chetu na naona uchungu kuuona ukigeuzwa gunia la kubebea uchafu. Nimekulia kwenye utani. Najua Mpare anavyomwandama Mchaga, Mnyamwezi na Mzaramo wanavyochukuliana vitu, babu anavyomwita mjukuu wake mke wangu mbele ya bibi. Sitadai kwamba utani wetu ni wa maneno safi. Utani wa mabinamu na wa mashemeji una maneno ya kitandani, na wazee huyasema hadharani watu wakashika mbavu. Lakini utani una sheria, na kila aliyelelewa ndani yake anazijua hata kama hakufundishwa darasani. Kwanza, unatokana na uhusiano unaojulikana na pande zote. Hujitangazii utani na mtu ambaye ukoo wake huujui na hajakubali. Halafu unakwenda na kurudi: ukinitania, nina haki ya kukutania mara mbili, na huna ruhusa ya kukasirika. Na unadaiwa. Mtani anayekuja kuleta vituko msibani ndiye huyo huyo ambaye, kwa desturi ya makabila mengi, alishika kazi nzito za mazishi wakati wafiwa wamelemewa na majonzi. Uhuru wake wa kusema ulilipiwa kwa jasho lake.

Sasa pima yaliyotokea stoo. Karani yule hakuwa na uhusiano wowote na mtu yule zaidi ya kusaini fomu moja. Hakuweza kumrudishia, angemshika yeye kiuno, ofisi nzima ingempa jina. Na kipo kipimo ambacho kwangu kinamaliza ubishi: utani hutaka hadhira. Mtani hutania pale watu walipo, maana ladha yake iko katika kicheko cha wote, na watu hao ndio mahakama ya kumwambia "hapo umepitiliza." Anayengoja mlango ufungwe, rafu ziwakinge na taa ya korido izimwe, hana habari na utani. Ameukimbia.

Wengine husema, haya, lakini udhalilishaji si mambo ya mabosi? Kwa hili nina lawama kidogo kwetu sote tuliopiga kelele juu ya rushwa ya ngono, mimi nikiwamo. Kelele zile zilikuwa za haki. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamlenga mwenye mamlaka anayedai ngono ndipo atoe ajira, cheo au haki, na ni vyema taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, na asasi za wanawake wamekisambaza hadi vyuoni. Ila katika kumtazama bosi tumejifunza kutomwona aliyeketi meza ya pili. Tumefika mahali msichana akisema anasumbuliwa, swali la kwanza ni "ni bosi wako?" Akisema hapana, watu wanashusha pumzi, kana kwamba jambo limepungua uzito.

Sheria haikushusha pumzi. Kifungu cha 138D, kilichoingizwa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinaanza na mtu yeyote: mtu yeyote ambaye kwa maneno au vitendo anambughudhi mwingine kijinsia anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Bosi ametajwa pia, mbele kidogo, lakini mlango umefunguliwa kwa yeyote. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 katika kifungu cha 6 imemtaja mwajiri, mwakilishi wake, na mfanyakazi mwenza kwa jina lake hilo, na ikamtaka kila mwajiri mwenye watu 20 au zaidi aweke tamko la maandishi la kukataza jambo hili. (Sheria yao ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ina upungufu hapo: inamshika mwenye mamlaka au ofisi ya umma, tena anayerudia rudia.) Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva Juni 2019, unasema tendo moja latosha, na kinga yake inamfikia hadi mwanafunzi wa mazoezi na aliyekuja kuomba kazi.

Na mwenzako anayo mamlaka, hata kama hayamo kwenye muundo wa taasisi uliobandikwa ukutani. Mtunza stoo alikuwa na funguo. Alikuwa na miaka kumi na miwili pale. Alikuwa na marafiki idara zote, na karani alikuwa na miezi minne.

Alikuwa pia mweka hazina wa mfuko wetu wa kufa na kuzikana. Nalisema hili kwa sababu ndilo fundo lililonikaba koo zaidi. Baba yangu alipofariki, yule bwana ndiye aliyekusanya michango, akakodi Coaster, akasafiri nasi usiku kucha mpaka kijijini na kushika koleo kaburini. Namshukuru mpaka leo. Basi uliponijia mzigo wa kumsema, nilisikia sauti ile ambayo wengi mnaijua: ana mke, ana watoto wanne, mmoja yuko kidato cha tatu, utamharibia mwenzio maisha kwa sababu ya kiuno?

Huruma hiyo ilikuwa na kasoro moja, nayo ni kubwa: ilikuwa na macho kwa mtoto wa kidato cha tatu asiyekuwepo, na haikuwa na macho kwa mtoto wa watu aliyesimama mbele yangu chooni anatetemeka. Yeye naye alikuwa na wanaomtegemea. Mshahara wake ulimlipia mdogo wake ada. Wema wa mtunza stoo kwangu ulikuwa wa kweli, lakini haukunipa ruhusa ya kumlipa kwa mwili wa mtu mwingine. Nilikuwa na deni la msiba, nikalilipa kwa kisichokuwa changu.

Isitoshe, tunazungumza juu ya kuripoti kana kwamba ni kumpeleka mtu kitanzini. Ukitoa taarifa hujamhukumu mtu. Kanuni za mwaka 2007 zinataka uchunguzi ufanyike kwanza. Mtuhumiwa apewe tuhuma kwa lugha anayoielewa. Apewe muda usiopungua saa 48 kujiandaa. Aingie kikaoni na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Asikilizwe, aulize maswali, alete mashahidi, na akishindwa akate rufaa. Kati ya kutoelewana na kufukuzwa zipo ngazi kadhaa za maonyo. Wanaouliza "na akisingiziwa je?" wanauliza swali la haki, na mimi sitaki mwanaume yeyote aharibikiwe kwa uongo. Lakini wajibu wa anayeogopa singizio ni kuutetea mlango huu wa kikao, maana humo ndimo mtu anapojua anatuhumiwa nini na nani. Funika kombe haimkingi asiye na hatia. Inamwacha kwenye minong'ono, ambako hakuna saa 48, hakuna shahidi na hakuna rufaa.

"Tuyamalize kifamilia." Hilo nalo nimelisikia mpaka limenichosha. Anaitwa binti, anaitwa bwana, wanakalishwa ofisini kwa meneja, inaletwa soda, bwana anaombwa aseme pole, binti anaombwa aseme yamekwisha. Wiki mbili baadaye bwana anahamishiwa tawi la mkoani, ambako nako kuna makarani. Na mbona kila tunaposema sisi ni familia, anayetakiwa kumeza kwa ajili ya familia ni yule mdogo kuliko wote, asiye na kiti barazani? Ofisi ina mkataba, mshahara na kanuni. Kwenye ukoo wangu hakuna aliyesaini kanuni za nidhamu siku ya kuingia, kazini nilisaini.

Kuhusu wanaosingizia nguo za msichana sitasema mengi. Wachuma chai wa Kericho, Kenya, hufanya kazi wakiwa na gambuti na aproni ya plastiki inayofunika kifua mpaka magotini, na yaliyowapata dunia iliyaona.

Kericho yenyewe inanileta kwenye hoja ninayoiheshimu kuliko zote, ile inayosemwa na waliojaribu: hata ukiripoti, hakuna kitakachofanyika. Sitaki kuipaka rangi. Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi wake katika mashamba ya chai ya Kenya yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi wasimamizi walivyowadhalilisha au kuwadai ngono ili wapate kazi. Unilever walikuwa wamekutana na tuhuma za aina hiyo zaidi ya miaka kumi nyuma, wakatangaza kutovumilia kabisa na wakaweka utaratibu wa kutoa taarifa. Utaratibu ulikuwepo, mateso yakaendelea chini yake. Mwanamke wa mashamba yale akiniambia "dada, karatasi za ofisini ni karatasi tu," nitainamisha kichwa.

Hayuko peke yake. Shirika la Kazi Duniani lilitoa utafiti Desemba 2022, uliohoji wafanyakazi karibu 75,000 katika nchi 121. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa amewahi kukumbana na ukatili au bughudha ya aina fulani kazini, na karibu nusu tu ya hao ndio waliowahi kumwambia mtu yeyote, hata rafiki, hata ndugu. Sababu zilizotajwa zaidi na walionyamaza zilikuwa mbili: ni kupoteza muda, na hofu ya kuharibiwa jina.

Lakini tazama mambo yalivyokwenda baadaye. Ripoti ile ilipotoka, baadhi ya mameneja walisimamishwa kazi, na Bunge la Kenya likaagiza uchunguzi. Kilichovunja ukuta zilikuwa sauti zaidi ya sabini zikisema jambo moja. Siamini kwamba kila mmoja wao alijua wapo wengine wengi hivyo. Na hiyo ndiyo nguvu ya funika kombe: inamfanya kila mtu aamini kombe lake ni la peke yake. Nusu nzima ya watu wasiosema neno ndiyo inayofanya kusema kuonekane ni kupoteza muda. Taarifa ya kwanza hupuuzwa mara nyingi, hilo nakubali. Ya tatu ikikuta mbili faili moja, kumpuuza mlalamikaji kunaanza kuwa kazi ngumu. Sharti tu hizo mbili ziwemo.

Kwa hiyo leo angenifuata chooni nisingemwambia "nenda karipoti sasa hivi" nikamwachia mzigo na kurudi mezani kwangu. Huo nao ni ushauri wa mtu aliye salama. Ningemwambia siku na mlango wa kuingilia ni uamuzi wako, si wangu. Wapo ambao kwao kutoka kunatangulia kusema: msichana wa kazi za ndani anayelala nyumba moja na anayemsumbua, mlinzi wa kike anayelinda zamu ya usiku na mtu huyo huyo porini. Kwao usalama kwanza. Ila ningemwambia neno lisife. Usiku huu andika tarehe, saa, mahali, maneno yalivyotamkwa hata kama yanatia kichefuchefu, na nani alipita. Ujumbe wake usiufute kwa hasira. Ukiwa tayari, andika barua kwa afisa utumishi, nenda na nakala yako, na usitoke pale nakala haijagongwa muhuri wa kupokelewa, maana barua isiyo na muhuri kesho itakuwa haijawahi kuwepo. Kama amekushika, kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Na ningemwambia jambo ambalo sikulisema: tutakwenda wote.

Maana hapa ndipo malumbano yote yanapokosea njia. Tunabishana kama yeye aripoti au asiripoti, apime, aamue, avumilie, athubutu. Swali zima tumelitwika kichwa kimoja, kichwa cha mwenye miezi minne kazini. Na sisi? Rudi kwenye maneno yangu ya siku ile: "Usiende stoo peke yako." Nilijuaje kwamba stoo si pa kwenda peke yake? Nilijua kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa siendi peke yangu. Mhasibu wa kike alikuwa anamtuma dereva. Mama wa usafi alikuwa anafagia kule asubuhi mapema kabla yule bwana hajafika. Ofisi nzima ilikuwa imepanga kazi zake kumzunguka mtu mmoja, kama maji yanavyozunguka jiwe, na hakuna aliyewahi kusema jiwe litolewe. Ushauri wangu ulikuwa ungamo, nami sikulisikia likitoka kinywani mwangu.

Shahidi kama mimi ana miaka tisa kazini. Anajua afisa utumishi anapenda chai ya rangi au ya maziwa. Mkataba wake ni wa kudumu. Akisema, hataulizwa alivaa nini wala kwa nini alikwenda stoo. Gharama ya kusema kwake ni ndogo mara nyingi kuliko ya yule tunayemsukuma mbele, na bado ni yeye anayenyamaza kwa urahisi, kisha anaita kunyamaza kwake busara. Basi kila anayejiona dada mkubwa au kaka mkubwa wa ofisi, anayeulizwa "nifanyeje," ajibu kwanza swali ambalo hakuulizwa: yeye mwenyewe ameona nini, na amekiandika wapi?

Nililazimika kulijibu swali hilo miaka miwili baada ya karani yule kuondoka. Alikuja mwingine, wa mapokezi, na huyu hakumfuata mtu chooni. Aliandika. Kikao cha nidhamu kikaitishwa, na mtunza stoo akaja na mwakilishi wake, akakana kila kitu kwa utulivu wa mtu anayependwa. Mwenyekiti akamwuliza afisa utumishi kama mtuhumiwa amewahi kulalamikiwa kwa jambo la aina hii. Afisa akafungua jalada lake, akapekua mpaka mwisho, akasema hakuna. Alisema kweli. Miaka kumi na minne, na jalada jeupe.

Nilikuwa nimeitwa kueleza jambo dogo la ratiba za zamu. Nikaomba ruhusa, nikaeleza yale ya chooni. Mwenyekiti alinisikiliza vizuri, akachukua kalamu.

"Ilikuwa tarehe ngapi?"

Nikasema sikumbuki, ilikuwa masika.

"Uliandika popote?"

Hapana.

"Huyo karani yuko wapi sasa?"

Nikasema sijui.

Kalamu ikarudi mezani. Mtunza stoo alipewa onyo la mwisho la maandishi, akarudi kwenye rafu zake na funguo zake. Wa mapokezi ndiye aliyehamishwa idara, "kwa usalama wake."

Nilitumia wiki mbili kuitafuta namba ya karani wa kwanza, nikaipata kwa binamu yake. Anauza vipodozi Mbagala. Nilimweleza kikao kilivyokwenda, nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba nilishindwa hata kutaja siku. Akakaa kimya kitambo, nikasikia mteja akiuliza bei nyuma yake.

"Tarehe 14 Aprili, dada. Jumatano. Mimi niliandika yote, daftari ninalo. Hakuna aliyeniuliza."